Meno ya mbele yamelika? Fata hatua hizi kabla hujaweka kauri

Mimi niko upande wa maabara ya meno, yaani ndo nakaa na plasta za midomo ya watu (nakala za meno yao zilizomwagwa kwa plasta) na kuunda yale meno ya kauri ambayo daktari anakuja kukubandika, kwa hiyo haya naandika ni vitu natamani kila mgonjwa avijue mapema, maana kazi ikishafika mezani kwangu mambo mengi yashaamuliwa na kama yameamuliwa vibaya hamna kauri itakayoyaokoa.

Kitu cha kuweka kichwani ni kimoja. Meno hayajalika yenyewe, kuna kitu kimeyala, na hicho kitu ukikiacha kikaendelea kitaivunja na kauri pia hata ungelipia ile ya bei gani. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua kilichoyala

Enameli, lile ganda la nje la jino, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini lakini ikiisha haioti tena. Chini yake kuna dentini, ya njano na laini zaidi, na ikishafikiwa jino linaisha kwa kasi na maji baridi yanaanza kukushtua. Simama kwenye mwanga mzuri na kioo uangalie mwenyewe kabla hata hujaenda kwa daktari.

Kama ncha za meno zimekuwa bapa, zinang'aa, na ukisogeza taya pembeni unakuta ncha ya juu inakaa sawasawa juu ya ncha ya chini, wewe unasaga meno, mara nyingi usiku bila kujua, muulize unayelala nae. Mimi hii naiona kwenye plasta kirahisi sana, nachukua ya juu mkono huu na ya chini mkono huu nazitelezesha taratibu kwenda upande, zikifika mahali zinakamatana kabisa bila nafasi hata ya karatasi, basi jino la kwanza mpaka la tatu yote yanagusana bapa kwa bapa. Hapo ndo mtu anaposagia usiku.

Kama jino limekuwa nyororo na linang'aa bila ncha kuwa bapa, kona zimekuwa za mviringo, ncha nyembamba mpaka mwanga unapita, na yale mazibo ya zamani yamebaki yamesimama juu kuliko jino lenyewe, hiyo ni asidi. Ikiwa imekula zaidi upande wa ndani wa meno ya juu, ule unaoguswa na ulimi, mara nyingi asidi inatoka tumboni, kiungulia cha muda mrefu au kutapika mara kwa mara. Ikila upande wa nje, angalia unachokunywa na kula: soda, ndimu, ukwaju, embe mbichi za chumvi na pilipili, ubuyu wa kumumunya kutwa nzima. Enameli inaanza kuyeyuka pale pH ya mdomoni (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na soda ya kola iko kama 2.5, ndimu nayo huko huko, sasa piga hesabu. Na soda isiyo na sukari haikusaidii kwa hili, sukari imetoka ila asidi iko pale pale. Wale wanaopaka ndimu na chumvi ili meno yawe meupe naomba muache leo, weupe mnaouona ni ganda linaondoka.

Kama una vishimo vilivyochimbika shingoni mwa jino karibu na fizi, mswaki mgumu na kusugua kwa nguvu vinahusika, na dawa za mkaa zinasaidia kuharibu.

Alafu kuna tabia ndogo ndogo: kufungua chupa kwa meno, kumenya miwa, fundi cherehani kukata uzi kwa jino lile lile miaka nenda rudi mpaka linapata pengo dogo kwenye ncha. Na kuna ndugu zetu waliokulia Arusha, Meru, pembezoni mwa Kilimanjaro, Singida, Nakuru kule na sehemu nyingi za Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na WHO. Meno yao yana rangi ya kahawia na yakiwa yameathirika sana enameli inamegeka vipande. Wao mwambieni daktari mapema mlikulia wapi, kwa sababu gundi haishiki kirahisi kwenye enameli ya namna hiyo na inabidi iandaliwe tofauti.

La mwisho hapa, na kwetu ndo kubwa kuliko watu wanavyodhani: magego. Watu wengi wameng'oa magego ya nyuma wakaona sio ishu kwa vile hayaonekani, matokeo yake kutafuna kote kumehamia mbele, na meno ya mbele hayakuumbwa kusaga ugali na nyama. Kama nyuma hamna kitu, kuanza na kauri za mbele ni kutupa hela. Rudisha meno ya nyuma kwanza, hata kama ni ya kuvaa na kuvua.

Hatua ya 2: Zuia kwanza, safisha kwanza

Kiungulia kitibiwe kwa daktari wa kawaida, soda ipungue, mashimo yazibwe, jino lenye mzizi unaouma litibiwe, ugaga utolewe. Fizi zikiwa zinatoka damu usikubali mtu akuchukue vipimo wala kukubandika chochote, damu na gundi ya meno haviendani kabisa. Subiri zipone.

Hatua ya 3: Chagua daktari

Hakikisha ni daktari wa meno aliyesajiliwa. Tanzania bara wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, na majina unaweza kuyatafuta mtandaoni. Ukitaka bingwa wa aina hii ya kazi anzia kuulizia kwenye vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, mfano MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) pale Dar au Chuo Kikuu cha Nairobi. Wale wa saluni wanaobandika vinia (maganda membamba ya kufunika mbele ya jino) za plastiki kwa gundi kwenye kiti cha kusukia nywele, hapana, hapana kabisa, chini ya ile plastiki jino linaoza huku wewe unapiga picha.

Ukifika muulize maswali haya na umsikilize anavyojibu: unadhani nini kimeyala meno yangu? Utanichonga kiasi gani? Ntajaribishwa umbo kabla ya kuchongwa? Maabara yako iko wapi na nikitaka kuongea na fundi inawezekana? Bei inajumlisha nini, meno ya muda yamo, gadi ya usiku (kinga ya kuvaa kwenye meno ukilala) imo? Akikujibu la kwanza kwa "tutaweka tu vinia utapendeza" toka taratibu. Omba pia akuonyeshe picha za watu waliokuwa na meno yaliyolika kama wewe, maana kubandika vinia kwenye meno mazima ya mtu anayetaka weupe ni kazi tofauti na hii.

Hatua ya 4: Vipimo na suala la nafasi

Hapa kutakuwa na eksirei, picha, na vipimo vya meno, iwe kwa ile dawa laini unayong'ata au kwa skana ya mdomoni. Kawaida.

Kisicho cha kawaida ni nafasi. Jino linapolika polepole haliachi pengo, mwili unalisukuma litoke pamoja na fizi na mfupa wake ili liendelee kukutana na la upande wa pili. Kwa hiyo mtu ana jino fupi nusu ya lilivyokuwa lakini akifunga mdomo la juu na la chini yanagusana kama zamani. Sasa hiyo kauri utaiweka wapi? Daktari asiyefikiria hili atakuchonga jino ambalo tayari limeisha, ili apate nafasi, yaani anapunguza kilichopunguka.

Njia nzuri zipo. Moja ni kuinua namna meno yote yanavyokutana, nyuma na mbele, kazi inakuwa kubwa na gharama inapanda. Nyingine, ambayo mimi naipenda sana kwa watu wenye magego mazima, ilianzia Norway, Bjørn Dahl na wenzake waliieleza 1975: meno ya mbele yanaongezewa urefu kwanza, siku hizi kwa kompositi (zibo la rangi ya jino linalogandishwa kwa taa), unatoka pale magego hayagusani kabisa na unatafunia mbele, alafu kwa miezi kadhaa magego yanajisogeza taratibu mpaka yanakutana tena na mbele unabaki na nafasi yako bila kuchongwa. Wiki za mwanzo zinaudhi, chakula kinasumbua, ila enameli yako iko salama. Wengine watapelekwa kuvaa nyaya za kusogeza meno. Ukiambiwa subiri miezi sita ndo uwekewe kauri usimwone daktari mzembe, huyo amefikiri.

Hatua ya 5: Jaribisha umbo kabla ya mashine kugusa jino

Hii hatua ndo naitetea kuliko zote. Mimi najenga meno mapya kwa nta juu ya plasta yako, daktari anachukua umbo lake kwa silikoni, anajaza plastiki laini anaibandika juu ya meno yako bila kuchonga chochote, na ndani ya dakika chache unaona mdomo wako utakavyokuwa. Haujapenda, inatolewa, hamna kilichoharibika.

Ikiwa mdomoni fanya haya. Sema maneno yenye f na v, "fedha", "vifaa", "fundi wa viti", ncha za meno ya juu zinatakiwa ziguse mdomo wa chini kwa ulaini pale unapoanza kuwa na unyevu, zikigonga au zikichelewa kufika urefu haujakaa. Hesabu sitini mpaka sabini kwa sauti, hiyo s ikitoka na mluzi mwambie. Legeza midomo kabisa kama unataka kusema "em", kwa kijana meno ya juu yanachungulia milimita 2 mpaka 4, kwa mtu mzima chini ya hapo. Jino la mbele la kati ambalo halijalika lina urefu wa milimita 10 au 11 hivi, na upana wake ni kama robo tatu ya huo urefu, kwa hiyo ukiona umetengenezewa mapana kama marefu sema. Chukua video ukiongea na kucheka, mtumie mtu wa nyumbani asiyekubembeleza. Na uje na picha yako ya zamani meno yakionekana, ya harusi, ya shule, yoyote, kwangu mimi picha kama ile ina thamani kuliko maelezo ya saa nzima.

Hatua ya 6: Ipi ya kuweka

Kompositi sio kauri lakini lazima niitaje, inajengwa pale pale kwenye kiti, bei nafuu, ikimegeka inarekebishwa siku hiyo hiyo, ila inashika rangi ya chai na inachakaa mapema. Kwa kijana anayesaga meno sana nashauri aanze nayo, umbo likikaa vizuri muda ndo ahamie kauri.

Kauri ya feldispa ndo ya zamani na ndo nzuri kuliko zote machoni, naijenga unga kwa unga kwa brashi, inaweza kuwa nyembamba milimita 0.3 tu, lakini ni dhaifu mpaka ishikiliwe na enameli, kwa msagaji simpi. Lithiamu disilikati, wengi wanaijua kwa jina la IPS e.max, iko katikati, nguvu yake ni megapaskali (kipimo cha nguvu kabla kitu hakijavunjika) 400 na zaidi, inapitisha mwanga vizuri, na asidi inaikwangua ndani ili gundi ishike, kwa meno ya mbele yaliyolika mara nyingi hii ndo jibu. Zirkonia ina nguvu mno, ile ngumu inafika 1000 na kuendelea, ile ya kupendeza inayopitisha mwanga iko chini ya hapo, lakini haina kioo ndani yake kwa hiyo ile asidi haiishiki na gundi yake inahitaji maandalizi mengine, nzuri kwa krauni kamili (kofia inayofunika jino zima), kwa vinia nyembamba mimi sio chaguo langu. Zile krauni za chuma ndani kauri nje bado zinadumu ila mbele fizi ikirudi nyuma kidogo unaona mstari mweusi.

Kuhusu vinia na krauni, jua tofauti ya kuchongwa. Utafiti mmoja wa 2002 ulipima ukakuta vinia inaondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana, krauni kamili asilimia 63 mpaka 72. Ndo maana nikisikia mtu kaenda nje kufata bei rahisi karudi na krauni mdomo mzima kwenye meno yaliyokuwa mazima naumia, maana jino lililochongwa vile lipo kwenye hatari ya mshipa wake kufa miaka ya mbele. Krauni iwe kwa jino ambalo limeisha kweli pande zote au lilishatibiwa mzizi na kubaki ganda.

Hatua ya 7: Rangi

Ukitaka kung'arisha meno yang'arishwe sasa, kabla, alafu subiri kama wiki mbili ndo rangi ichaguliwe na gundi itumike. Kauri haing'ariki ikishatoka maabara. Rangi ipimwe mwanzo wa miadi kwa mwanga wa mchana, bila lipstiki, kwa sababu jino likikaa wazi linakauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo. Wengi tunatumia kibao cha VITA chenye rangi 16, A1 mpaka D4. Omba lipigwe picha likiwa limeshikwa pembeni ya jino lako, namba peke yake hainitoshi. Jino la kweli lina rangi zaidi ya moja, shingoni limekolea, katikati limetulia, na kwenye ncha kuna ka ubluu kanapitisha mwanga. Ukiniagiza jeupe moja kote ntakutengenezea, ila mtu akikuangalia ataona meno kabla hajakuona wewe.

Hatua ya 8: Kuchongwa na meno ya muda

Utapigwa ganzi. Daktari mzuri anachonga kupitia ile plastiki ya majaribio ikiwa bado iko juu ya jino, anapima kina kutokea umbo la mwisho, kwa hiyo pale ambapo jino lilishalika anaweza asiguse kabisa. Kwa vinia tunazungumzia milimita 0.3 mpaka 0.7. Abaki ndani ya enameli, hasa pembezoni, kubandika kauri kwenye dentini ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Utaondoka na meno ya muda. Kula laini, using'ate mbele, na yakimegeka rudi na uelekeze sehemu gani, sababu yanatuonyesha mahali unapogonga sana na mimi narekebisha kabla ya kuunda ya kudumu.

Hatua ya 9: Siku ya kubandika

Kwanza yanawekwa bila gundi ya kudumu, kwa maji au jeli ya rangi. Omba kioo, nenda dirishani, toka nje kama inawezekana. Usikubali kwa aibu eti daktari kachoka, yakishagandishwa kuyatoa ni kuyavunja kwa mashine, ila kabla ya hapo kurudisha maabara ni jambo la kawaida na sisi hatukasiriki.

Ukikubali, jino linatengwa na mate kwa kipande cha mpira, kauri ya lithiamu disilikati inapakwa asidi ya haidrofloriki nje ya mdomo, kama sekunde 20, inaoshwa, inapakwa saileni (dawa ya kuunganisha kauri na gundi), huku jino lenyewe likipakwa asidi ya fosfori. Kuandaa enameli kwa asidi kulianza na Michael Buonocore mwaka 1955, na miaka ya 1980 ndo ikawezekana kuikwangua kauri kwa asidi, bila hayo mawili vinia zingekuwa zinadondoka tu. Alafu gundi, taa, kusafisha mabaki. Kisha karatasi ya rangi unaing'ata, mbele na ukitelezesha pembeni, sehemu zinazogonga zinapunguzwa. Hapa muulize: umepolishi ulipopunguza? Kauri iliyokwaruzwa ikaachwa inasaga jino la upande wa pili vibaya sana, ikiwa imepolishiwa vizuri haina shida.

Hatua ya 10: Kuishi nayo

Unayesaga meno vaa gadi ya usiku, ile ngumu ya akriliki, ipimwe upya baada ya kubandikwa, ya zamani haitakaa. Vinia zilizoshikwa kwenye enameli kwa mtu asiyesaga zinafika miaka 10 zaidi ya asilimia 90 zikiwa salama, kwa msagaji asiyevaa gadi usitegemee hizo namba.

Mswaki laini, dawa yenye floraidi, uzi wa meno kila siku, mkaa hapana. Ukinywa kitu chenye asidi sukutua maji na usipige mswaki kwa nusu saa mpaka lisaa. Chupa zina kifunguo chake. Rudi wiki moja mbili baadae waangalie unavyouma, kisha kila miezi sita, na anayekutoa ugaga mwambie una kauri atumie vifaa vyake kwa uangalifu pale pembezoni.

Ikitokea vinia imetoka nzima usiibandike na gundi ya dukani hata kama una shughuli jioni, ile gundi inaziba ule upande wa ndani na unatupa kazi ya kukwangua upya au kuunda nyingine. Ioshe kwa maji, iweke kwenye kikopo kigumu, sio kwenye tishu maana itafinywa au itatupwa, na uende nayo kliniki. Ikiwa haijapasuka inarudishwa ile ile.